Harufu ya Ghorofa ya Tatu

Ukitaka kuwajua watu wa jengo la kupanga, usiwaulize. Panda ngazi zao. Hayo yalikuwa maneno ya Metroni, na kwa hilo angalau hakukosea. Ngazi za jengo lao zilikuwa na kila kitu isipokuwa ufagio. Ghorofa ya kwanza palikuwa na pembe ambayo wanaume wa mtaa walikuwa wameigeuza choo chao cha kusimama. Ghorofa ya pili alikuwako mpangaji aliyetema makohozi ukutani kila asubuhi, mahali pale pale, kwa uaminifu ambao angeupeleka kazini angekwisha kuwa mkurugenzi. Kuanzia hapo kwenda juu ni nepi zilizofungwa nusunusu, maganda ya tikiti yaliyojaa nzi, na nywele za bandia zilizofumuliwa vichwani mwa watu na kuachwa zipeperuke zitakako. Metroni alipanda humo kila siku, mkono mmoja umeshika sketi isiguse kitu, mkono wa pili umeshika leso puani.

Jengo lenyewe lilikuwa katikati ya mji, karibu kabisa na bahari, lakini usidanganyike. Bahari waliiona wa ghorofa ya tano peke yao, tena kwa kutoa shingo dirishani hadi mabegani. Wengine walichopata ni chumvi yake, iliyokula nondo za madirisha na bawaba za milango, na unyevu uliobandua rangi ukutani vipande vipande. Mtaa wote ulikuwa hivyo: majengo ya kupanga yaliyobanana, watu wakihamia mwisho wa mwezi huu na kuhama mwisho wa mwezi ule. Mtu akimaliza mwaka mmoja aliitwa mwenyeji. Metroni alikuwa na miaka kumi na tisa pale ghorofa ya nne, kwa hiyo yeye alijiona ndiye jengo.

Umetroni wenyewe aliuacha hospitalini alipostaafu, ila jina lilimfuata nyumbani likakataa kuondoka. Nyumba yake ilinuka sabuni na dawa ya kuulia wadudu. Vikombe vilioshwa baada ya kunywea, vikaoshwa tena kabla ya kunywea, maana nani ajuaye kilichopita juu yake usiku. Mgeni aliyethubutu kuingia alivua viatu nje, akanawa mikono, akakalia kiti cha plastiki kilichotengwa kwa kazi hiyo. Makochi yalikuwa ya kutazamwa. Lakini kati ya machafu yote ya dunia, Metroni alichukia zaidi maji yaliyotuama. Miaka thelathini ya wodini ilimfundisha kwamba maji yaliyosimama ni mbu, mbu ni homa, na homa ni mtu kulala kitandani akiitwa kwa namba. Nyumbani kwake hakikuwako chombo chenye maji yasiyofunikwa, hata kisahani cha chini ya ua.

Katika usafi huo alimlea mwanawe wa pekee, na katika usafi huo huo mwana akaondoka. Alipata kazi mji mwingine, ndivyo alivyosema, lakini siku anafunga begi alisema na jingine. "Mama," alisema, "hapa kwako hata kupumua naona nachafua." Metroni alidhani ni utani, akacheka. Kijana hakucheka naye. Kesho yake mama akaingia katika kile chumba cha mwisho wa ukumbi, chumba chenye bafu lake na choo chake, akasugua, akapangusa, akakausha kila kitu, akafunga kwa ufunguo na kusokota taulo chini ya mlango ili vumbi lisipite. Alijiambia atafungua siku mwanawe atakaposema anarudi. Kuingia kabla ya hapo hakuweza, kulimuuma.

Mwezi haujaisha, harufu ikaanza.

Haikuwa harufu ya kawaida ya jengo, ile ya mkojo na mafuta yaliyokaangiwa wiki nzima, ambayo mtu huizoea akaisahau. Hii ilikuwa nzito, yenye utamu wa kuoza ndani yake, na ilikuwa na tabia ya kuja na kwenda. Unaamka vizuri, unaingia bafuni kupiga mswaki, nayo inakukaa ulimini kabla ya dawa ya meno. Katikati ya jengo kulikuwa na tundu refu la hewa, kutoka chini hadi juu, na madirisha madogo ya bafu zote yalifungukia humo. Waliojenga walikusudia lipitishe hewa. Wapangaji walilipitishia takataka, maji ya kuoshea vyombo, siri zao na matusi yao, na sasa likawapitishia harufu hiyo kwa usawa, hakuna aliyekosa fungu lake.

Sasa, mwezi huo huo uliokuja harufu, ghorofa ya tatu, chini ya nyumba ya Metroni kabisa, alihamia mtu aliyefanya kazi ya kupaa samaki sokoni. Kutwa alisimama kwenye meza ya saruji, kisu mkononi, akikwangua magamba ya samaki wa watu wengine. Jengo zima lilimwita Magamba kabla hajamaliza kupandisha vitanda. Alikuwa na mkewe, Mama Pacha, na mapacha wenyewe, mabinti wawili wa miaka saba waliosoma shule ya mtaa wa nyuma. Viatu vyake vya mpira aliviacha mlangoni, vimepakwa utelezi uliokauka ukang'aa. Metroni alipoviona mara ya kwanza alisimama kwenye ngazi, akafumba macho.

Hakuhitaji ushahidi mwingine. Mtu mwenye harufu kahamia, na harufu imehamia. Nani tena wa kuulizwa?

Aliandika barua kwa dalali aliyelisimamia jengo kwa niaba ya mwenye nyumba, mtu ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumwona. Barua ilikuwa na ukurasa mmoja na maneno "afya ya wapangaji" mara tano. Kisha akaipitisha mlango kwa mlango apate sahihi. Yule mtemaji wa ghorofa ya pili alitia sahihi huku akisema watu wengine hawana ustaarabu. Mama wa nepi alitia sahihi. Vijana wa ghorofa ya tano, ambao hawakuwahi kuosha kitu tangu wazaliwe, walitia sahihi wote wanne. Metroni aliona kinyaa kuishika kalamu baada yao, akawaachia. Lakini barua alikuwa nayo.

Dalali alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa yake mwenyewe. Kabla ya kumfukuza mtu alitaka aseme amechunguza, kwa hiyo alimleta fundi bomba. Mzee huyo alikuwa na mfuko wa vyuma begani na mikono ambayo Metroni aliiangalia mara moja tu. Kucha zake zilikuwa na historia ya vyoo vyote vya mjini. Aliingia bafuni kwa Magamba, akapiga magoti, akaweka pua kwenye tundu la sakafuni, akakaa hapo muda mrefu, huku wapangaji wamejaa mlangoni na Metroni mbele yao.

"Hapa hakuna kitu," alisema alipoinuka. "Harufu inaingia kwa dirishani. Hapa chini ni pazima kabisa."

"Pazima?" Metroni alisema kutoka nyuma ya leso. "Mtu anakuja na matumbo ya samaki mwilini, halafu pazima?"

"Mama yangu, samaki nawajua. Hii ni hewa ya bomba la maji taka. Kila tundu la choo na la sakafu lina maji yake kidogo pale kooni, ndiyo mlinzi. Maji yakikauka, hewa inapanda. Humu ndani kuna mtu ana tundu kavu. Ngoja nipite nyumba zote, moja moja, nitalipata."

Alizipita. Ghorofa ya tatu hadi chini alizimaliza kwa nusu saa, ya tano akapanda akashuka, hakuona kitu. Ikabaki ya nne. Jirani wa Metroni alifungua, fundi akaingia, akatoka akitikisa kichwa. Akageukia mlango wa Metroni na kuinua mguu avuke kizingiti. Metroni aliuangalia mguu ule. Soli ilikuwa imebeba kitu cheusi, kibichi, ambacho hakutaka kujua kimetoka nyumba gani.

"Kwangu hakuna tundu chafu," alisema, akasimama katikati ya mlango.

"Sijasema chafu, mama. Nimesema kavu."

"Baba, hiyo miguu yako haiingii kwangu. Nenda kaulize mtaa mzima, watakwambia kwangu kukoje."

Fundi alimwangalia dalali. Dalali aliangalia saa. Kwa kweli hakuna aliyeweza kufikiri kwamba uvundo ungetoka katika nyumba ile, ungekuwa sawa na kumshuku kadhi kwa wizi wa kuku. Fundi akajitwisha mfuko wake na kushuka. Chini aliwaambia wenye duka la dawa lililokuwa mlangoni mwa jengo kwamba watu wa jengo lile watanuka mpaka wazeeke, maneno ambayo hayakumfikia aliyepaswa kuyasikia.

Magamba akapewa wiki mbili, mwisho Jumamosi.

Siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo, jioni, alipanda kugonga kwa Metroni. Alikuwa ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na hakukaribia mlango. Alisimama ngazi ya pili kushuka, mikono nyuma.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba." Leso ilikuwa tayari mahali pake.

"Nimekuja kukuomba. Dalali anasema wewe ukiiondoa barua yako, wengine hawana neno. Hii ni nyumba yetu ya nne kwa miaka miwili. Kila mahali wakijua kazi yangu, wanaanza kunusa. Watoto wamebadilishwa shule mpaka wamekoma kuuliza majina ya wenzao. Hapa shule iko nyuma tu. Nakuomba, mama."

"Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu. Nina ugomvi na harufu."

"Najua nanuka," Magamba alisema, na aliyasema hayo bila aibu, kama mtu anayetaja kabila lake. "Naoga sokoni, naoga tena nikifika. Lakini hiyo ya bafuni si ya samaki. Samaki mbovu ana ukali, anakuchoma hapa juu ya pua. Hii ni nyingine. Mimi pua ndiyo kazi yangu, mama, ningejua."

Metroni alimsikia, na hilo ndilo la kumlaumu: alimsikia vizuri. Pua yake mwenyewe, iliyojua kidonda kilichoharibika kabla bendeji haijafunguliwa, ilikuwa imemwambia hivyo hivyo siku ya kwanza. Lakini macho yake yalikuwa kwenye shingo ya yule mtu, nyuma ya sikio, ambapo gamba moja dogo lilikuwa limeganda likimetameta. Alifikiria vitasa vyote ambavyo mkono ule ulishika.

"Jumamosi si mbali," alisema. "Mungu atakupeni pengine." Akafunga mlango, akapangusa kitasa, upande wa ndani na wa nje.

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu, simu yake ililia. Ni mwanawe, aliyekuwa hapigi ila kwa sababu.

"Mama, shikamoo. Mama, nisaidie. Cheti changu cha kuzaliwa kiko kwenye droo ya kabati, chumbani kwangu. Nipigie picha unitumie. Huku kazini wanakitaka leo."

"Unarudi lini?"

"Tutaongea, mama. Cheti kwanza."

Alichukua ufunguo. Chumvi ilikuwa imekaa ndani ya kitasa, ukazunguka kwa shida. Aliliondoa taulo kwa ncha ya mguu, akasukuma mlango, na pale pale akarudi nyuma akapiga mgongo ukutani.

Ile harufu waliyogawana watu wa jengo zima ilikuwa humu nzima, haijagawanywa. Iliujaza mdomo. Ilikaa machoni. Metroni alivuka chumba bila kupumua, akafungua mlango wa bafu, na akaona. Bakuli la choo lilikuwa kavu hadi chini kabisa, jeupe, na pete ya kahawia mahali maji yalipokuwa yakikaa. Tundu la sakafuni lilikuwa kavu. Mende mmoja mnene alichomoza humo, akatazama huku na huku na kutembea taratibu kuelekea ukutani, kwa hatua za mwenye nyumba. Kidirisha kidogo kilichofungukia kwenye tundu la hewa kilikuwa wazi nusu, kama alivyokiacha.

Akakumbuka kikombe. Siku ile ya kufunga chumba alipiga magoti hapa na kikombe cha zamani na sponji, akayachota maji yote kooni mwa choo, tone kwa tone, kisha ya kwenye tundu la sakafu, akamalizia kwa kitambaa. Maji yasituame. Mbu wasizaliane katika chumba cha mwanangu. Alikumbuka hata alivyojisifu moyoni, kwamba nesi wa siku hizi asingefikiria jambo hilo. Alimtoa mlinzi kwa mikono yake, akamfungulia njia uvundo wa mtaa mzima, kisha akabeba barua mlango kwa mlango. Wahenga walikwisha kusema habari za nyani na kundule, hatuna haja ya kuzirudia hapa.

Metroni, aliyefunga vidonda ambavyo madaktari vijana walivikimbia, alipiga magoti mbele ya choo cha mwanawe akatapika.

Alipomaliza alimwaga ndoo mbili chooni na moja sakafuni. Maji yalishuka yakigugumia, yakapanda tena kidogo, yakatulia. Akafungua madirisha. Akapangusa. Akanawa mikono mara tatu, akatafuta cheti, akakipiga picha, akakituma. Ilikuwa saa tatu kamili. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, kile cha wageni, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Chini walikuwa wanahamisha. Alisikia kitanda kikiburutwa, Mama Pacha akiwaambia watoto wasikanyage kioo, miguu ikishuka na kupanda. Alitakiwa kusimama na kwenda. Miguu alikuwa nayo, mdomo alikuwa nao, na ngazi zilikuwa kumi na sita tu. Lakini aliwaona usoni mmoja mmoja: yule mtemaji, mama wa nepi, wale vijana wanne. Angesema nini mbele ya watu wale, yeye aliyekuwa akiwaona takataka kwa miaka? Akajiambia wameshafunga vyombo, limeshakwisha. Akajiambia huenda huko waendako ni kuzuri zaidi. Alijua anajidanganya, na bado alibaki amekaa. Aliona kinyaa, na safari hii hakukuwa na mahali pa kuweka leso.

Robo saa, nusu saa. Hewa ya tundu ilianza kusafika. Sauti ya dalali ikapanda kutoka ghorofa ya tatu, yenye furaha.

"Mnaona wenyewe? Hata hawajamaliza kutoa vyombo, pumzi imeshakuwa nzuri. Metroni yule si mtu wa mchezo."

Mtu akacheka. Mtu mwingine akasema alijua tangu mwanzo.

Saa tano mlango ukagongwa, pole pole. Alikuwa Mama Pacha, peke yake, kanga imefungwa kiunoni, uso umelowa jasho. Naye alisimama mbali na mlango, mahali pale pale aliposimama mumewe.

"Shikamoo, Metroni. Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza kitu, wewe ni mtu wa hospitali."

"Uliza, mwanangu."

"Mimi nilikuwa nabisha. Nilimwambia baba watoto, hawa watu wanatuonea, si sisi. Lakini leo nimesikia kwa pua yangu. Tumetoa vitanda tu, harufu imekwisha. Kumbe ni sisi kweli." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Sasa huko tuendako sitaki tuanze vibaya. Watoto wanachekwa. Niambie ni sabuni gani nitumie. Au kuna dawa ya kuweka kwenye maji ya kuoga. Yoyote, hata kama inachoma."

Metroni alisema subiri. Akaingia ndani, akafungua kabati la jikoni, akatoa mche wa sabuni ya hospitali, ile nyekundu aliyokuwa akiificha hata kwa mwanawe. Na ni kweli, alikuwa ameshaamua kumpa, amwombee heri, afunge mlango. Aligeuka na sabuni mkononi. Kutoka jikoni aliweza kumwona Mama Pacha pale ngazini. Mmoja wa mapacha alikuwa amepanda kumfuata mama yake, na mama alikuwa ameinama, amevuta ukosi wa gauni la mtoto, ananusa. Akanusa upande wa pili. Mtoto alisimama kimya, kichwa amekilaza pembeni, kama aliyezoea.

Metroni akaiweka sabuni mezani. Akatoka hadi kizingitini.

"Si nyinyi," alisema.

Mama Pacha aliinua kichwa.

"Harufu ni ya kwangu. Chumba cha mwanangu. Nilikausha choo, nikafunga. Fundi alisema tundu kavu, nikamzuia mlangoni. Nimelimwagia maji, ndiyo sababu imekwisha. Hamkuwa nyinyi hata siku moja."

Mama Pacha alimgeuza mtoto akamwambia ashuke kwa baba yake, akangoja mpaka alipopotea kwenye kona.

"Umejua lini?"

"Leo. Saa tatu."

"Sasa ni saa ngapi?"

Metroni alikuwa na saa mkononi. Hakuiangalia. "Saa tano."

"Saa mbili," Mama Pacha alisema. "Saa mbili umekaa humo unasikia tunabeba vitanda." Hakupaza sauti. "Mimi nimekubali kwamba mwanangu ananuka. Nimemwambia mwenyewe asubuhi hii, nikamwogesha mara mbili mpaka akalia."

"Nisamehe."

"Usiniambie mimi. Mimi sikutia sahihi. Teremka ukawaambie waliotia."

Metroni aliteremka. Hakubeba leso, ilibaki juu ya kiti. Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu walikuwako dalali, mama wa nepi, yule mtemaji na vijana wawili wa juu, wamesimama kama watu wanaoangalia mechi, hakuna anayesaidia. Aliwaambia. Aliyasema yote, kikombe, sponji, mlango aliomfungia fundi, kwa ile sauti ya kukabidhi wodi asubuhi, bila kuruka kitu. Mtemaji alicheka kwa pua. Mama wa nepi alisema, "Kumbe," na akaendelea kumwangalia kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, jinsi Metroni alivyomwangalia yeye miaka yote.

"Basi wabaki," Metroni alimwambia dalali. "Naifuta barua. Nitaandika nyingine sasa hivi."

Dalali alijikuna kisogo. "Metroni, nyumba imeshapata mtu. Jana nilimpa ufunguo. Gari lake liko njiani na vitu vyake."

"Mwambie asije."

"Nimwambieje? Nimwambie kuna mama alikosea choo?" Hata vijana hawakucheka. Dalali akaangalia saa yake, akashuka kwenda kulingojea gari.

Ndipo Magamba alipotoka mlangoni kwake akirudi nyumanyuma, amebeba ncha ya godoro la mwisho. Alikuwa amesikia kila neno, maana mlango ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa la mapacha, limelowa pembeni na jasho la mikono, na ncha ya pili ilikuwa inaburuzika kwenye ngazi zile, kwenye nepi na maganda. Metroni aliinama haraka akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua hadi kifuani.

Magamba alisimama. Alimwangalia, na usoni mwake hapakuwa na hasira wala dhihaka, bali uchovu mtupu na heshima ile ile ya siku zote.

"Acha, Metroni," alisema. "Utachafuka."

Akalivuta godoro, likatoka mikononi mwake, akashuka nalo.